Mchezo wa Runinga Ulionirudisha Darasani

Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii nimewaandikia wanafunzi wangu ubaoni mara zisizo na idadi katika takriban miaka ishirini ya ualimu, na sikuwahi kuitilia shaka hata siku moja. Shaka iliniingia kwa mara ya kwanza Disemba 2023, nikiwa nimeketi zuliani katika sebule ya kaka yangu mjini Nakuru, kidude chenye vitufe mkononi, nikitumbukia katika shimo lile lile kwa mara ya tisa. Kando yangu alikuwa ameketi binti wa kaka, msichana aliyekuwa amepokea matokeo yake ya KCPE mwezi mmoja tu uliotangulia. Nilipomgeukia kumwomba radhi kwa kuuchelewesha mchezo, alinitazama kwa mshangao.

"Baba mdogo," akasema, "hapa watu hawaombani radhi. Rudia tu."

Nimeyatafakari maneno hayo tangu siku hiyo, na leo nimeamua kuyaleta mbele ya walimu na wanafunzi wanaousoma ukurasa huu. Najua wapo watakaoguna. Watauliza imekuwaje mwalimu mzima, mwenye insha za kusahihisha na madaftari yaliyorundikana mezani, akae kucheza michezo ya watoto na kisha athubutu kuiandikia gazetini. Nawaomba subira. Mchezo nitakaousimulia ni njia tu ya kulifikia jambo zito zaidi, nalo ni namna tunavyolichukulia kosa la mwanafunzi.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Unaitwa Super Mario Bros. Wonder, na ulitolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani tarehe 20 Oktoba 2023 kwa ajili ya mashine yake iitwayo Switch. Katika majuma mawili ya kwanza uliuzwa nakala milioni 4.3 duniani. Kwa msomaji ambaye hajapata kuuona, ni mchezo wa kukimbia na kuruka. Mtu mfupi mwenye masharubu na kofia nyekundu, ambaye kwa kazi ni fundi wa mabomba, hutoka upande wa kushoto wa kioo akaelekea kulia, akivuka mashimo, akirukia majukwaa na kuwakanyaga maadui, mpaka aufikie mlingoti wa bendera. Hayo ndiyo yote. Kanuni zake mtoto wa miaka mitano huzielewa kabla chai haijapoa.

Kwangu mimi Mario hakuwa mgeni. Tulijuana mwaka 1993.

Wakati huo tuliishi katika mtaa mmoja wa hapo hapo Nakuru. Jirani yetu alikuwa na runinga ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, na mwanawe alikuwa ameletewa mashine ya michezo, mojawapo ya zile za kuigizwa ambazo hazikuwa na jina la kampuni yoyote iliyojulikana. Kila mtoto alitoa shilingi moja akapewa zamu ya roho tatu. Roho zikiisha, unampisha mwenzako. Mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa tukichanga senti zetu tukacheza pamoja, yaani tulidhani tunacheza pamoja. Mchezo ule wa zamani uliwapa nafasi wachezaji wawili, Mario na mdogo wake Luigi, lakini kwa kupokezana. Mario alipokuwa akikimbia, Luigi hakuonekana popote. Kaka alikuwa Mario kwa kuwa alikuwa mkubwa, nami nilikuwa Luigi. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukaa kimya na kungoja kaka afe ndipo zamu yangu ifike.

Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo. Tutairudia.

Kuna jambo jingine kuhusu mchezo ule ambalo sikuling'amua hadi nilipokuwa mtu mzima. Super Mario Bros. ulitolewa nchini Japani tarehe 13 Septemba 1985. Mwaka huo huo Kenya ilianza mfumo wa elimu wa 8-4-4, na watahiniwa wa kwanza wakaufanya mtihani wa KCPE. Aidha, mchezo wenyewe umegawanywa katika dunia 8, na kila dunia ina hatua 4. Sisemi kwamba waliotupangia elimu walishauriana na Wajapani, la hasha! Ni sadfa tupu. Hata hivyo, ni sadfa inayomchekesha mwalimu na kisha kumhuzunisha. Katika mchezo ule kulikuwa na saa iliyoanzia 400 ikihesabu kurudi nyuma, na ilipofika sufuri ulikufa hata kama ulikuwa umebakisha hatua mbili kuufikia mlingoti. Ulipofika mwisho wa dunia ya kwanza, baada ya jasho na hofu, uliambiwa kwamba binti mfalme uliyekuja kumwokoa yumo katika kasri jingine. Mtoto wa 8-4-4 hakuhitaji kufasiriwa hayo. Ukimaliza KCPE uliambiwa kwamba maisha yamo katika KCSE. Ukimaliza KCSE uliambiwa yamo chuo kikuu. Ukitoka chuo kikuu na bahasha ya vyeti kwapani uliambiwa na bawabu kwamba nafasi za kazi zimo katika afisi nyingine.

Kaka yangu alikuwa bingwa wa mchezo ule katika mtaa mzima, na ubingwa wake haukutokana na wepesi wa vidole. Alikuwa na macho. Aliingia kila bomba, akagonga kila tofali, akauliza kila swali. Siku moja alisimamisha mchezo, jambo lililowaudhi waliokuwa wakingoja zamu, akaweka kidole kwenye kioo na kusema: "Tazameni. Kichaka hiki ni lile wingu la juu. Ni kitu kimoja." Watoto walimcheka. Kesho yake alimuuliza mwalimu wa sayansi inawezekanaje kichaka na wingu viwe na umbo moja. Mwalimu alimwambia akae chini na aache kuleta upuuzi wa michezo darasani. Darasa nalo likacheka.

Mwaka huo kaka alifanya KCPE. Alipata alama 318 kati ya 700 zilizokuwa zikitahiniwa wakati huo. Aliomba arudie darasa la nane. Marehemu baba, ambaye alikuwa kibarua na hakuwa mtu mkatili, alikaa usiku kucha akipiga hesabu zake, na asubuhi akasema kwamba karo iliyopo ni ya mtoto mmoja, na itamngoja yule anayefuata. Anayefuata nilikuwa mimi. Kaka alipelekwa kwa fundi wa redio kujifunza kazi. Miaka miwili baadaye nikapita mtihani, nikaenda sekondari, kisha chuo, kisha nikawa mwalimu. Zamu ilikuwa imenifikia.

Hatukuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo. Kaka si mtu wa kinyongo. Leo ana duka lake la kutengeneza simu na runinga, na wanawe wanasoma. Lakini kila aliponitambulisha kwa wateja wake kwa kusema "huyu ndiye mwalimu wetu", kuna kitu kilinikwama kooni.

Basi ndiye yeye aliyenipigia simu Disemba ile. Mteja mmoja aliyekuwa akihamia ng'ambo alikuwa amemuuzia mashine ya Switch pamoja na mchezo huo mpya. "Njoo umwone rafiki yetu," akaniambia. "Amezeeka vizuri kuliko sisi."

Nilikwenda nikitarajia kuuziwa kumbukumbu. Biashara ya kumbukumbu ni kubwa siku hizi: nyimbo za zamani hurekodiwa upya, filamu za zamani hupakwa rangi, na mtu mzima hutoa pesa ili arudishiwe utoto wake kwa muda wa saa mbili. Hata mfululizo huu wenyewe umewahi kulaumiwa kwa kosa hilo. Kati ya 2006 na 2012 kampuni hiyo ilitoa michezo minne yenye jina la New Super Mario Bros., na wengi walilalamika kwamba hiyo mipya ilifanana mno, mmoja na mwingine. Huu wa 2023 ulikuja miaka 11 baada ya ile miwili ya mwisho. Mkurugenzi wake, Shiro Mouri, ameeleza kwamba katika awamu ya mwanzo ya majaribio hawakuwekewa tarehe ya mwisho; walipewa nafasi ya kujaribu, kukosea na kutupa. Mtayarishaji wake ni Takashi Tezuka, mtu yule yule aliyeshirikiana na Shigeru Miyamoto kuubuni mchezo wa 1985. Hapo pana funzo dogo kwa wale wanaodhani kwamba mwalimu akishafundisha miaka thelathini na minane hana jipya.

Walimu wenzangu wa Kiswahili watanielewa nikisema kwamba mchezo wa aina hii ni kama shairi la tarbia. Bahari yake inajulikana. Mishororo ni minne, vina vinapatana, mizani haizidi wala haipungui. Hakuna anayemsifu mshairi kwa kuongeza mshororo wa tano; tunamsifu kwa kusema jambo ambalo hatukulitarajia ndani ya ile minne. Ndivyo ulivyo mchezo huu. Mario bado anakimbia kuelekea kulia. Mlingoti bado uko mwisho. Ila katikati ya njia, mahali pasipotarajiwa, limefichwa Ua la Ajabu, na ukiligusa ulimwengu wote hupinduka. Katika hatua ya kwanza mabomba, ambayo kwa karibu miaka arobaini yalikuwa yamesimama wima kama nguzo za simu, huanza kujinyonganyonga na kutambaa kama viwavi. Katika hatua nyingine mimea ile inayouma hutoka ndani ya mabomba yake ikaandamana huku ikiimba. Kuna tunda linalomgeuza mchezaji kuwa ndovu anayerusha maji kwa mkonga. Yapo pia maua yanayosema na mchezaji njiani, kumtia moyo au kumtania, na yanajua lugha kadhaa, ingawa Kiswahili hakimo, jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita bila kunung'unika.

Tulicheza watu watatu kwa pamoja. Kaka alikuwa Mario. Mimi, bila kufikiri, nilimchagua Luigi. Binti yetu alinishauri nimchukue Nabbit, kiumbe mwenye masikio ya sungura na mfuko mgongoni, kwa sababu Nabbit hata akiguswa na adui haumii, ingawa shimo humeza hata yeye. Nilikataa. Mwalimu mzima nipewe mchezaji wa kusaidiwa? Kiburi hicho ndicho kilichonipeleka shimoni.

Hata hivyo, kabla ya mashimo ilionekana tabia nyingine. Kila hatua ilipoanza, mimi nilikimbia moja kwa moja kuelekea mlingoti. Nyuma yangu kaka na bintiye walikuwa wakiingia mabomba, wakigonga matofali na kusikiliza maua. Nikawa nawahimiza: "Haya, twende, wakati!" Kaka akacheka. "Wakati gani, mwalimu? Angalia juu. Saa hakuna." Nikaangalia. Ni kweli. Ile saa ya 400 iliyotutia jasho utotoni imeondolewa kabisa. Hakuna aliyekuwa akinifukuza. Nilikuwa nimeibeba saa hiyo kichwani tangu mwaka 1995, nilipoketi mbele ya karatasi yangu ya mtihani, na ole wao wanafunzi wangu, kwa maana nimewavika wao pia. Hatua nne nilizozikimbia sikuliona Ua la Ajabu hata mara moja. Kaka aliliona katika kila moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuutazama mchezo ule kwa jicho la kazi yangu, na nilichokiona kilinitahayarisha.

Turudi kwanza kwenye hatua ya mwanzo ya mchezo wa 1985, ambayo Miyamoto amewahi kueleza kwamba ilipangwa ili mchezaji ajifunze mwenyewe. Hakuna maelezo yaliyoandikwa. Mario anasimama upande wa kushoto, mbele yake kuna nafasi tupu, hivyo mtoto anajua kwamba njia ni ya kulia. Anatokea adui mmoja, polepole. Ukimgusa unakufa, lakini hujapoteza kitu kwa maana ndio kwanza umeanza. Mara ya pili unaruka. Kisha unagonga tofali lenye alama ya kuuliza, uyoga unatoka, unakwenda kulia, unagonga bomba na kurudi ulipo. Unaogopa kwa kuwa unafanana na adui. Unajaribu kuuruka, lakini matofali yaliyo juu yanakuzuia, unakugusa, nawe badala ya kufa unakua mkubwa. Umejifunza kwamba si kila kinachokujia ni kibaya. Mbele zaidi kuna ngazi mbili zinazotazamana, na kati yake kuna pengo lenye sakafu. Ukiteleza hufi. Baada yake tu kuna ngazi mbili nyingine zinazofanana na hizo, ila pengo lake halina sakafu. Kwa hiyo mtoto amefanya zoezi mahali pasipo na hatari kabla ya kukabili hatari yenyewe.

Ndugu mwalimu, hilo ni andalio la somo. Ni andalio bora kuliko mengi niliyowahi kumpa mkuu wa idara atie sahihi. Ni mara ngapi tumewapa wanafunzi pengo lisilo na sakafu siku ya kwanza, kisha tukawaita wazembe walipoanguka?

Mchezo mpya umeyaendeleza mafunzo hayo. Kila hatua imeandikiwa ugumu wake kwa nyota, kuanzia moja hadi tano, ili mchezaji ajue anachokikabili na achague aanze na ipi. Aliye dhaifu anaweza kumchukua Nabbit au Yoshi wasioumizwa na maadui, akasafiri pamoja na walio hodari bila kutengwa. Zipo beji za kukusaidia, na unachagua moja inayokufaa: nyingine hugeuza kofia kuwa mwavuli wa kukushusha taratibu. Na wachezaji walio pamoja hawasukumani. Katika baadhi ya michezo ya awali ya mfululizo huu mmoja aliweza kumgonga mwenzake akamtupa shimoni, hata kwa bahati mbaya. Sasa wanapishana tu.

Lakini lililonigusa kuliko yote ni hili. Mnapocheza pamoja, ukianguka hufi papo hapo. Hugeuka mzuka unaoelea hewani, na una sekunde tano za kumfikia mwenzako yeyote. Akikugusa, unafufuka na safari inaendelea. Hesabu ya roho haipungui. Nilipotumbukia shimoni mara ya kwanza nilikiweka kile kidude chini kwa mazoea ya zamani, nikidhani zamu yangu imekwisha. "Njoo kwangu!" kaka akanipigia kelele. "Upesi, njoo kwangu!" Nikakiokota, nikaelea kuelekea kwake, naye akaruka kunipokea. Nikafufuka. Nilianguka mara tisa katika shimo lile, na mara nyingi katika hizo tisa ndiye aliyeniinua.

Sikuweza kumtazama usoni. Utotoni nilingoja kaka afe ndipo nami nicheze. Maishani mambo yalikwenda vivyo hivyo. Na sasa, katika mchezo ule ule ulioundwa upya, Mario na Luigi walikuwa pamoja njiani, na aliyeanguka hakumpisha mwenzake, alimngoja amguse.

Nisieleweke vibaya. Sipendekezi kwamba serikali ininunulie kila darasa mashine ya michezo. Wapo watoto nchini wanaosomea chini ya miti, na mashine hizo ni ghali. Wala sijasahau kwamba michezo hii ina uwezo wa kummeza kijana mzima-mzima, usiku na mchana, akasahau kitabu na kazi za nyumbani. Tena kosa la mchezoni ni rahisi kwa sababu halimdhuru mtu. Daktari hawezi kumkosea mgonjwa mara tisa kisha akasema "rudia tu", wala dereva wa matatu hana roho ya akiba mteremkoni. Mitihani lazima iwepo. Lakini hasa kwa sababu makosa ya duniani ni ghali, yafaa shule iwe mahali ambapo kosa ni rahisi. Rubani hukosea kwanza katika chombo cha mazoezi kilichofungwa ardhini. Mwanafunzi naye akosee wapi, ikiwa hata darasani kosa lake huhesabiwa na kutangazwa?

Tulipokuwa wanafunzi, tulichapwa kiboko kimoja kwa kila jibu tulilokosa. Adhabu hiyo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, kabla mimi sijaanza kufundisha, nami nilijivunia kwamba sikuwahi kumchapa mtoto. Sikukumbuka kwamba nilikuwa na kalamu nyekundu. Nilikuwa nikirudisha insha zilizojaa mistari myekundu, alama imezungushiwa duara juu, na kesho yake tunaanza insha nyingine juu ya mada nyingine. Aliyekosea hakupewa nafasi ya kulirudia shimo lake. Alijua tu kwamba alianguka.

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka huo wa 2023, muda mfupi baada ya mchezo huu kutoka. Mtaala wa umilisi umechukua mahali pa 8-4-4, na mitihani mipya imekuja: KPSEA katika gredi ya sita tangu 2022 na KJSEA katika gredi ya tisa tangu 2025. Ni mabadiliko makubwa, na wenye ujuzi wanaendelea kuyajadili. Langu ni dogo. Jina la mtaala hubadilishwa kwa waraka, lakini saa iliyo kichwani mwa mwalimu haitolewi na waraka wowote. Mwalimu aliyezoea kuukimbilia mlingoti ataukimbilia hata chini ya mtaala mpya, na watoto wanaochungulia ndani ya mabomba wataendelea kuambiwa wanachelewesha wengine.

Tangu Januari 2024 nimebadilisha jambo moja tu katika darasa langu. Insha ya kwanza ya kila muhula siitoi alama. Naisoma, naandika kwa penseli mahali pawili au patatu panapohitaji kutengenezwa, na kumrudishia mwenyewe aiandike tena, na tena akitaka. Ndipo naitoa alama. Wenzangu wanasema najiongezea kazi, na wanasema kweli. Nimefuta pia ile methali ubaoni. Badala yake nimeweka nyingine, isemayo kwamba kosa moja haliachi mke. Wanafunzi walicheka sana siku ya kwanza, kisha mmoja akauliza kama haliachi mwanafunzi pia.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Mchezoni hamsikii haya kuanguka mara ishirini katika shimo moja. Mnarudia kwa furaha, kila mara mmejifunza kidogo. Ujasiri huo msiuache mlangoni mnapoingia darasa la hisabati. Na aliye hodari asisahau zile sekunde tano: mwenzake akianguka, amwendee.

Nimalizie pale nilipoanzia, sebuleni kwa kaka. Usiku ulikuwa umekwenda na bintiye alikuwa amekwisha kulala. Tulibaki sisi wawili. Katikati ya hatua moja kaka akasimama tuli, kama alivyofanya miaka thelathini iliyopita, akakitazama kioo.

"Vichaka si mawingu tena," akasema.

Ndipo nilipomweleza nililowahi kulisoma nikiwa mtu mzima, na ambalo kwa aibu sikuwahi kumwambia. Mchezo wote wa 1985, dunia zake zote nane, picha zake na muziki wake, ulilazimika kuenea katika kilobaiti 40, kiasi kidogo kuliko picha moja ya simu ya leo. Waundaji walitafuta kila njia ya kubana nafasi. Wingu na kichaka vilikuwa mchoro mmoja uliopakwa rangi mbili tofauti.

Alinyamaza kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo niliona kweli," akasema.

"Uliona kweli, kaka."

Jibu hilo lilikuwa limechelewa kwa miaka thelathini. Mwalimu mwenzangu, kesho mtoto wa kiti cha nyuma akiinua mkono kuuliza juu ya vichaka na mawingu, usimwambie akae chini.